gem5: Jinsi ya kuendesha programu yako ndani ya kompyuta ambayo bado haijatengenezwa

Chipu ya simu au ya kompyuta haipelekwi kiwandani kwa kubahatisha. Kuitengeneza hugharimu fedha nyingi mno, na kosa likigunduliwa baada ya hapo haliwezi kufutwa kwenye silikoni. Ndiyo maana wahandisi na watafiti huanza kwa kuijenga chipu hiyo kama programu. Programu ya aina hiyo huitwa kiigaji: huigiza prosesa, kumbukumbu, diski na saa ya kompyuta nyingine, kisha hutoa hesabu ya yaliyotokea ndani yake.

Kiigaji kinachotumika sana vyuoni na katika maabara za kampuni ni gem5. Hutolewa bure, na yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha msimbo wake. Mwanafunzi mwenye kompyuta moja ya Linux anaweza kuuliza swali lilelile analouliza mhandisi wa kampuni kubwa: je, prosesa hii ingekuwa na kache kubwa zaidi, programu yangu ingekwenda kasi kiasi gani? Ili kupata jibu, ni lazima ajue kuiingiza programu yake ndani ya kompyuta ya kuigwa, na ajue ni kitu gani hasa anachokipima. Hilo la pili ndilo linalowapotosha wengi.

gem5 ilitoka wapi?

Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walitengeneza SimOS, kiigaji kilichoweza kuwasha mfumo endeshi mzima. Mmoja wao, Mendel Rosenblum, baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya VMware. Baada ya hapo viigaji viwili vilikua sambamba: M5 katika Chuo Kikuu cha Michigan, na GEMS katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison. M5 ilikuwa imara katika kuigiza prosesa, GEMS katika kuigiza kumbukumbu na kache. Miradi hiyo ikaunganishwa, majina yake yakaunganishwa pia, na mwaka 2011 gem5 ikatangazwa rasmi.

Kiini chake kimeandikwa kwa lugha ya C++, lakini mtumiaji hupanga vipande vya kompyuta yake kwa skripti za Python. Huweza kuigiza prosesa za aina mbalimbali: ARM, ambazo ndizo zilizo katika simu nyingi za mkononi, x86 za kompyuta nyingi za mezani, na RISC-V, seti ya maagizo iliyoanzishwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambayo mtu hahitaji kulipia leseni ili kuitumia.

Njia mbili za kuendesha programu

Njia ya kwanza ni nyepesi. Unaipa gem5 programu moja, na kila programu hiyo inapoomba huduma ya mfumo endeshi, kwa mfano kufungua faili, kiigaji chenyewe hujibu. Hakuna Linux inayowashwa ndani. Njia hii inafaa kwa majaribio madogo, lakini haioneshi gharama ya kazi anazofanya mfumo endeshi, kama vile kugawa kumbukumbu au kupanga zamu za programu.

Njia ya pili ni uigaji wa mfumo mzima. Hapa gem5 huwasha keneli halisi ya Linux kutoka kwenye faili linaloigiza diski, na programu yako huendeshwa juu ya Linux hiyo kama ingeendeshwa kwenye mashine ya kweli. Ni njia nzito zaidi, lakini ndiyo inayohitajika ikiwa swali lako linagusa mfumo endeshi, nyuzi nyingi za programu au vifaa vya nje.

Kuandaa programu

Kwanza, programu itafsiriwe kwa ajili ya prosesa inayoigwa, si kwa ajili ya kompyuta unayotumia. Ikiwa kompyuta yako ni ya x86 na unayoigiza ni ARM, unahitaji kompaila inayotoa maagizo ya ARM, mfano aarch64-linux-gnu-gcc. Ukisahau, Linux ya ndani itakujibu "Exec format error".

Pili, ongeza chaguo la -static ili maktaba zote zifungashwe ndani ya faili moja. Bila hivyo, programu itatafuta maktaba kwenye diski ya kuigwa, na zisipokuwepo utaona ujumbe wa kutatanisha: "No such file or directory", ilhali faili lako unaliona pale pale. Kinachokosekana si programu yako, bali kile kinachotakiwa kuzipakia maktaba zake.

Tatu, iweke programu kwenye diski. Faili la diski huwa na sehemu ndani yake, hivyo amri ya mount inahitaji kuambiwa sehemu hiyo inaanzia baiti ya ngapi. Amri ya fdisk -l huonesha sekta ya mwanzo. Izidishe kwa 512. Sehemu inayoanzia sekta ya 2,048, kwa mfano, huanzia baiti ya 1,048,576. Nakili programu, ipe ruhusa ya kuendeshwa, kisha usisahau umount kabla ya kuwasha gem5, la sivyo ulichonakili kinaweza kuwa bado hakijaandikwa.

Kuna jambo moja linalowashangaza wageni. Kwa kawaida gem5 haiandiki mabadiliko kwenye faili la diski. Huyaweka kando na kuyatupa uigaji unapokwisha. Hivyo majibu ambayo programu yako imeyahifadhi ndani ya Linux ya kuigwa yatapotea. Kuyatoa nje kuna amri maalumu, m5 writefile, ambayo hupeleka faili kwenye kabrasha la m5out la kompyuta yako. Mwenzake, m5 readfile, hufanya kinyume: huleta ndani faili moja kutoka nje, na mara nyingi faili hilo huwa ni skripti ya amri za kutekelezwa.

Saa mbili ambazo hazilingani

Uigaji ukiisha, fungua faili la m5out/stats.txt. Humo utakuta simSeconds, yaani muda uliopita ndani ya kompyuta ya kuigwa, na hostSeconds, muda uliosubiri wewe. Cha kwanza ndicho kipimo cha utafiti wako. Cha pili ni gharama yake, na tofauti kati yao ni kubwa sana.

Tuchukulie kiigaji kinachoigiza prosesa kwa undani kinatekeleza maagizo 200,000 kwa sekunde. Prosesa halisi yenye kutekeleza maagizo bilioni 1 kwa sekunde ingemaliza maagizo bilioni 2 kwa sekunde 2. Kiigaji kitahitaji sekunde 10,000, karibu saa 2 na dakika 47. Na kuwasha Linux peke yake kunaweza kuhitaji mabilioni ya maagizo kabla programu yako haijaanza.

Kwa sababu hiyo gem5 ina prosesa za viwango tofauti vya undani. AtomicSimpleCPU hutekeleza maagizo bila kufuatilia muda kwa usahihi, hivyo ni ya haraka. O3CPU huigiza prosesa ya kisasa inayotekeleza maagizo bila kufuata mpangilio, na ni ya polepole. Utaratibu wa kawaida ni kuwasha Linux kwa ile ya haraka, kutoa amri ya m5 checkpoint ili hali ya mashine ihifadhiwe, kisha kuanza upya kutoka hapo kwa prosesa ya undani. Kazi ya kuwasha hufanyika mara moja tu, na hali ileile huweza kutumika kwa kache za ukubwa tofauti.

Zingatia mpangilio: m5 checkpoint itangulie m5 readfile. Ukifanya hivyo, kila unapoanza upya Linux itasoma skripti mpya uliyompa. Ukigeuza, itaendelea na ile ya zamani iliyokwisha kusomwa.

Kupima sehemu inayohusika

Takwimu za gem5 huhesabu kila kitu tangu uigaji uanze. Usipoweka mipaka, utakuwa umepima kuwaka kwa Linux, kusomwa kwa skripti na programu yako kwa pamoja, kisha ukaita yote hayo kasi ya programu. Mipaka huwekwa kwa m5 resetstats, ambayo hurudisha hesabu kwenye sifuri, na m5 dumpstats, ambayo huandika matokeo. Amri hizi huweza kuitwa kutoka kwenye skripti, au, kwa usahihi zaidi, kutoka ndani ya msimbo wa programu, kabla na baada ya kitanzi unachokichunguza. Mwishoni, m5 exit hufunga uigaji.

Mfano: jibu linapobadilika bila wewe kujua

Chukua programu ya C inayozidisha majedwali mawili ya namba, kila moja likiwa na safu mlalo 512 na safu wima 512. Kila namba ni baiti 8, hivyo jedwali moja ni megabaiti 2. Kwa kitanzi cha kawaida ambacho wengi hufundishwa shuleni, jedwali la pili husomwa kwenda chini, safu wima baada ya safu wima. C huhifadhi majedwali kwa safu mlalo, hivyo kila hatua ya kwenda chini ni kuruka baiti 4,096. Kache huleta baiti 64 kwa mara moja, yaani namba 8, lakini katika hatua hiyo inayotumika ni moja tu.

Zaidi ya hayo, jedwali lote la pili husomwa upya kwa kila safu mlalo ya jedwali la kwanza. Sasa unataka kujua kama kuongeza kache ya ngazi ya pili kutoka megabaiti 1 hadi 4 kutasaidia.

Kazi nzima ni hatua 134,217,728. Tukichukulia maagizo 6 kwa hatua, ni maagizo milioni 805, zaidi ya saa moja ya kusubiri kwa kila jaribio. Kishawishi ni kupunguza jedwali liwe la 256 kwa 256, ili kazi iishe kwa dakika 8 hivi. Lakini jedwali la pili sasa ni nusu megabaiti. Linaenea katika kache ya megabaiti 1, na linaenea pia katika ile ya megabaiti 4. Utaona tofauti ndogo na utahitimisha kwamba kache kubwa haina maana. Kwa jedwali la awali la megabaiti 2, ambalo haliingii katika kache ndogo lakini linaingia katika kubwa, hitimisho hilo lingekuwa si sahihi.

Njia salama ni kuacha jedwali likiwa na ukubwa wake na kupunguza sehemu inayopimwa. Acha safu mlalo chache za mwanzo zipite bila kupimwa. Hatua hii ni muhimu, kwa sababu katika mfumo wa kawaida wa kumbukumbu wa gem5 kache huanza tupu baada ya kurejea kutoka kwenye hali iliyohifadhiwa, na kache tupu huifanya kila prosesa ionekane dhaifu. Kisha ita resetstats, pima safu mlalo 16, uite dumpstats. Hizo ni takriban maagizo milioni 25, dakika 2 hivi za kusubiri, na swali linabaki lilelile ulilokusudia.

Matokeo yaaminiwe kiasi gani?

Kiigaji ni kielelezo, na chipu halisi huwa na mambo mengi ambayo watengenezaji wake hawayatangazi. Kwa hiyo gem5 inafaa zaidi kwa kulinganisha kuliko kutabiri sekunde kamili. Kusema kwamba muundo mmoja umeushinda mwingine chini ya masharti yaleyale ni dai linaloweza kutetewa. Kusema kwamba simu ya mwaka ujao itamaliza kazi kwa muda fulani kamili ni dai lisilo na msingi.

Umuhimu wa jambo hili hauishii kwenye kasi. Januari 2018 ulimwengu ulipoelezwa kuhusu Spectre na Meltdown, dosari zilizotokana na namna prosesa zinavyofanya kazi, ilibidi kutafutwe miundo mipya ya kuzizuia. Miundo hiyo haikuwa kwenye chipu yoyote ambayo mtafiti angeweza kununua dukani, na watafiti waliijaribu ndani ya viigaji kama gem5.

Hivyo unapotoa matokeo, toa pamoja nayo toleo la gem5, keneli, skripti ya Python na mipaka ya sehemu uliyoipima. Kabrasha la m5out lina faili la config.ini linaloorodhesha kila kipande cha mashine uliyoigiza. Lihifadhi pamoja na takwimu. Kila kitu kiko kwenye mafaili, na mtu mwingine aliye mbali anaweza kulirudia jaribio lako. Akipata jibu tofauti na lako, mahali pa kwanza pa kuangalia ni pale ulipoanza na ulipoishia kupima.