Maneno ya Daudi, Sauti za Wenyeji

Katika misa ya Jumapili huko Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, kama ilivyo katika parokia nyingine za Ufipa, baada ya somo la kwanza husimama mwimbaji mmoja akaimba beti za zaburi, na waamini wakamjibu kwa mstari mmoja unaorudiwa kila ubeti unapokwisha. Sehemu hiyo huitwa wimbo wa katikati, na mstari unaorudiwa huitwa kiitikizano. Mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika, waliofika Karema mwaka 1885 na kueneza misheni zao katika mwambao huo, walizileta zaburi kwa Kilatini, na ni baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani kuruhusu lugha za wenyeji mwaka 1963 ndipo zilipoingia ibadani kwa Kiswahili. Asili yake, hata hivyo, si Kilatini, bali ni ushairi wa Kiebrania ulioimbwa na Wayahudi katika Hekalu la Yerusalemu hadi lilipobomolewa na Warumi mwaka 70, ukaendelea kuimbwa katika masinagogi, yaani nyumba zao za ibada, popote walipotawanyikia.

Kuitikizana kumo ndani ya shairi lenyewe. Zaburi ya 136, inayohesabiwa kuwa ya 135 katika vitabu vya Kilatini, ina aya 26, na kila aya humalizikia kwenye kibwagizo kilekile. Zaburi ya 119 ina mafungu 22 yenye aya nane nane, na aya zote za fungu moja huanza kwa herufi moja, kwa kufuata mpangilio wa herufi za Kiebrania tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Msomaji wa ushairi wa pwani ataitambua sanaa hiyo mara moja, kwa sababu shairi la Kiswahili liitwalo Dura Mandhuma nalo limejengwa juu ya mfuatano wa herufi za Kiarabu.

Baada ya zaburi ulikuja ushairi wa ibada uitwao piyuti, uliotungwa na washairi, wengi wao wakijulikana kwa majina, ili utiwe kati ya sala. Katika karne ya 10, huko Andalusia, Dunash ben Labrat aliuingizia ushairi wa Kiebrania vipimo vya aruudhi ya Kiarabu, akalaumiwa na waliodhani kwamba lugha takatifu inaharibiwa kwa kuvishwa vazi la kuazima. Historia haikuwapa haki, kwani mashairi yaliyozaliwa na mageuzi hayo yangali yanaimbwa. Katika karne ya 16, Shlomo Alkabetz wa mji wa Safed alitunga Lekha Dodi, wimbo wa kuipokea Sabato kama bibi harusi, ambao herufi za mwanzo za beti zake nane za kwanza huandika jina lake, na ambao unapofika ubeti wa mwisho waimbaji wote hugeuka kuelekea mlangoni. Maneno ni yaleyale kila mahali, lakini sauti hubadilika: Wayahudi wa Yemen wana yao, wa Moroko yao, wa Ulaya ya Mashariki yao, na kila jumuiya huona kwamba yake ndiyo ya asili.

Katika Afrika Mashariki, walowezi Wayahudi waliojenga sinagogi Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20 walikuja na sauti za Ulaya, na historia yao ya muziki haina mengi ya kuelezwa hapa. Jambo kubwa zaidi lilitokea karibu na Mbale, chini ya Mlima Elgon. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka Uganda ya mashariki kisha akavunjwa moyo nao, aliisoma Biblia nzima ya Kiganda, iliyokuwa imekamilishwa na wamisionari Waanglikana mwaka 1896, akaamua kuifuata Torati, yaani vitabu vitano vya Musa. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, na wafuasi wake wakaitwa Abayudaya, maana yake Wayahudi. Wakati huo hakuwa na mwalimu Myahudi, na alikuwa na maneno bila sauti. Aya za Torati na za Zaburi zikaimbwa kwa Kiganda, kwa miondoko ya Kiganda na ya nyimbo za kanisani alikotoka, na wimbo wa Musa wa sura ya 32 ya Kumbukumbu la Torati ukawa kama wimbo wa taifa wa jumuiya hiyo.

Kakungulu alifariki mwaka 1928. Chini ya utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, ibada hiyo ilipigwa marufuku, wengi wakahamia dini nyingine, na waliobaki wakasali kwa siri. Miaka ya 1980 vijana waliifufua jumuiya hasa kwa kutunga nyimbo, wakizitia zaburi za Kiebrania na za Kiganda katika sauti mpya zenye kiongozi na waitikiaji. Mwaka 2003 kampuni ya muziki ya Smithsonian Folkways ilitoa albamu ya nyimbo zao, zilizorekodiwa na mtafiti Jeffrey Summit, na albamu hiyo ikapendekezwa kuwania tuzo ya Grammy. Gershom Sizomu, mmoja wa vijana wale, akawa rabi mwaka 2008 baada ya kusomea Los Angeles.

Sauti hizo si nakala dhaifu ya kitu kilichokamilika kwingine. Ni tawi halali la mti uleule uliochipua Yemen na Andalusia. Gombo la Torati lisomwalo sinagogini huandikwa kwa mkono bila irabu na bila alama yoyote ya sauti, Yerusalemu sawa na Nabugoye karibu na Mbale, na kila anayetaka kulisoma kwa kuimba hana budi kujifunza kwanza kwa aliyemtangulia.