Mpaka Hauleti Maji: Ihefu na Mabonde ya Njombe

Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu, pamoja na ardhioevu ya Ihefu, liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Miaka miwili kabla yake, operesheni ya kuwaondoa wafugaji ilikuwa imeanza. Wengi walipelekwa Lindi na mifugo yao. Sababu iliyotolewa ni kwamba Ruaha Mkuu, uliokuwa ukikauka kila kiangazi tangu 1993, utarudi kutiririka mwaka mzima. Nasema hatua hiyo ilikosea mahali pa kuanzia. Ihefu hailishwi na mpaka wake. Inalishwa na maji ya kiangazi yanayoteremka kwa mito kama Mbarali na Kimani kutoka milima ya Kipengere, mkoani Njombe.

Tazama Ng'iriama, mlango wa kutokea maji ya Ihefu. Hapo pana kizingiti cha mwamba. Maji ya ardhioevu yakishuka chini ya mwamba huo, Ruaha Mkuu hukatika huko chini, hata kama ndani ya Ihefu bado kuna maji. Kinachoamua, basi, ni kiasi kinachoingia mwezi wa Septemba na Oktoba. Mpunga wa Usangu ni zao la msimu wa mvua, lakini mabanio mengi yanayoingiza maji ya mito mifereji ya mashamba yaliachwa wazi hadi kiangazi, ili kaya za mwisho wa mfereji zipate maji ya kutumia na mashamba yaloweshwe mapema. Tafiti za miaka ile ziliutaja uchepushaji huu kuwa chanzo kikuu cha ukame wa mto. Hata hivyo, ng'ombe ndio waliohamishwa.

Huku juu, Pori la Akiba Mpanga/Kipengere, lililotangazwa 2002, linalinda vyanzo vya Kimani. Nje yake kuna vinyungu. Mkulima huchimba mifereji midogo bondeni, hufukia majani, huinua matuta na kupanda mahindi na maharage kiangazi, ili apate mahindi mabichi wakati ghala limekwisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za aina hiyo ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Naunga mkono kuvilinda vyanzo, ila siridhiki na mpangilio wa kumbana kwanza mwenye matuta mawili ya maharage, wakati mikaratusi imesimama bondeni na mashamba ya parachichi yanaongeza mahitaji ya umwagiliaji. Na si kila bonde lina hatia moja: maji ya Njombe mjini hushuka kwa Ruhudji kwenda Kilombero, hayafiki Ihefu kabisa.

Mwaka 2023 Serikali ilipitia upya mipaka ya Ruaha. Hatua inayofuata ni kupima mabanio ya Mbarali na Kimani, kuyafunga kiangazi kwa zamu, na kuwachimbia visima wanaotegemea mfereji kwa maji ya nyumbani. Vinyungu vijadiliwe baadaye, jumuiya za watumia maji za juu na za chini zikikaa meza moja.