Kosa na Ila: Historia ya Dhana ya Shujaa wa Tanzia

Katika uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili ni nadra kupata kauli iliyozoeleka kuliko ile isemayo kwamba shujaa wa tanzia huangushwa na ila iliyomo katika tabia yake. Kauli hiyo hunasibishwa na Aristotle, na kwa kuwa imekwisha kunasibishwa naye, ni wachache wanaoihoji. Mwanafunzi anapopewa tamthilia huanza kumkagua mhusika mkuu kama mnunuzi akaguavyo ng'ombe mnadani, akitafuta kasoro. Na akiitafuta sana hakosi kuipata. Lakini Aristotle hakusema hivyo, na historia ya jinsi alivyokuja kusemeshwa hivyo inahusu pia namna wafu wa Afrika Mashariki wanavyohukumiwa darasani.

Katika sura ya 13 ya kitabu chake juu ya sanaa ya ushairi, kilichoandikwa katika karne ya 4 K.K., Aristotle anauliza ni mtu wa aina gani ambaye kuanguka kwake huamsha huruma na hofu. Mwema kupindukia hafai, kwani anguko lake hutuchukiza tu. Mwovu naye hafai, kwani hakuna amlilia. Anabaki mtu wa kati, anayeanguka si kwa uovu wake bali kwa hamartia. Neno hili limetokana na kitenzi ambacho katika tenzi za Homer hutumika kwa mpiganaji aliyerusha mkuki ukapita kando ya shabaha. Katika kitabu cha tano cha maadili yake, Aristotle mwenyewe anatenga mambo matatu: ajali, kosa litokanalo na kutojua, na dhuluma itendwayo kwa makusudi. Hapo kosa ni tendo. Halikai ndani ya mtu kama ugonjwa.

Mfano wake mkuu ni Oedipus wa Sophocles. Oedipus alilelewa Corinth akiamini kuwa Polybus na Merope ndio wazazi wake. Alipotabiriwa kwamba atamuua babake na kumwoa mamake, aliikimbia Corinth ili asiwadhuru, na katika kukimbia huko akakutana na Laius kwenye njia panda. Hakujua kuwa huyo ndiye babake. Yapo mengi ya kumlaumu Oedipus, hasira yake ikiwa mojawapo; lakini hata angalikuwa mpole kama njiwa asingalijua kuwa Jocasta ni mamake. E. R. Dodds, mtaalamu wa Kiyunani wa Oxford, alilieleza jambo hili mwaka 1966 katika makala aliyoiandika baada ya kusahihisha majibu ya mtihani, pale alipoona watahiniwa kadha wakijitahidi kuthibitisha kwamba Oedipus aliadhibiwa kwa ubaya wake. Miaka mitatu baadaye J. M. Bremer alichapa Amsterdam utafiti mzima juu ya neno hilo moja, akalirudisha kwenye maana ya kukosea.

Basi ila ilitoka wapi? Kwa sehemu ilitoka katika kiu ya haki. Katika Agano Jipya neno lilo hilo hamartia ndilo litumikalo kwa maana ya dhambi, na Ulaya iliyokipokea tena kitabu cha Aristotle mwishoni mwa karne ya 15 ilikuwa imelizoea kwa maana hiyo. Mwaka 1678 Thomas Rymer alidai kwamba mshairi hana budi kugawa thawabu na adhabu kwa stahili. Miaka mitatu baadaye Nahum Tate aliiandika upya King Lear, Cordelia akabaki hai na kuolewa, na jukwaa la Uingereza likaridhika na mwisho huo kwa zaidi ya karne moja. Kwa sehemu nyingine ilitoka katika tafsiri: S. H. Butcher, mwaka 1895, alilifasiri neno hilo kwa maneno mawili, kosa au udhaifu, na udhaifu ukalimeza kosa. Kisha mwaka 1904 A. C. Bradley akachapisha mihadhara yake juu ya Hamlet, Othello, King Lear na Macbeth, akionyesha jinsi sifa ileile iliyomkuza shujaa ndiyo inayomwangamiza. Bradley alikuwa akimfafanua Shakespeare, wala hakudai kumfasiri Aristotle. Waliowaunganisha wawili hao ni walimu, na wao pia wana udhuru: ila ni rahisi kuifundisha na kuisahihisha.

Dhana hiyo iliingia Afrika Mashariki katika vyuo vilivyofungamana na Chuo Kikuu cha London, Makerere tangu 1949 na Dar es Salaam tangu 1961, ambako Shakespeare alipewa nafasi kubwa. Ilipofika wakati wa kuihakiki tamthilia ya Kiswahili, istilahi zilitafutwa kwa kuyatazama maneno ya Kiingereza. Hapo ndipo zilipopatikana ila, dosari na kasoro. Kitambaa kina dosari. Kikombe kina ila. Ni hali iliyomo katika kitu hata kama hakijatumiwa. Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na neno lililolingana na la Kiyunani karibu sawasawa. Mwindaji humkosa paa, mtoto humkosea mzazi wake, na aombaye radhi husema, "Nimekosa." Mshale na maadili vimo katika mzizi mmoja. Hata neno hatia, tulilolipata kutoka Kiarabu, lina mzizi ambao katika lugha hiyo hubeba pia maana ya kuikosa shabaha.

Tofauti hii ina uzito wake mtu asomapo habari za Fumo Liyongo. Wako wanaoutaja utosi wa kitovu chake kuwa ndiyo ila ya kitanzia, kana kwamba mahali pa kuchomwa sindano ya shaba ni sehemu ya tabia ya mtu. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, jambo la maana ni tendo: Liyongo anamshuku mwanawe, naye bado anamwambia siri. Tendo hilo linatoka katika ubaba wake, na ni vigumu kuuita ubaba kasoro.

Uzito huo unazidi katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, wiki chache tu baada ya vita vya Maji Maji kuanza katika milima ya Matumbi. Hussein anamwacha aishi hadi kushindwa kudhihirike, na mwenyewe ametahadharisha kwamba mhusika wake ni kiumbe cha ubunifu. Katika tamthilia, Kinjeketile anatoka mtoni na maji yanayoyaunganisha makabila. Lakini akiwa amepagawa anatamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akirudiwa na fahamu anaona maana yake: kutoka kwa bwana mmoja na kuingia kwa mwingine. Tangu hapo anataka kuwazuia watu wasiende vitani, nao wamekwisha kulichukua neno lake na kuondoka nalo.

Wahakiki wa ila humtafutia kiburi, au woga, au kusitasita. Kila kimoja chaweza kupatikana kwa kunyofoa mistari michache. Lakini uhakiki wa namna hiyo una matokeo ambayo pengine hayakukusudiwa. Makadirio ya waliokufa katika vita hivyo, wengi wao kwa njaa iliyosababishwa na majeshi ya Kijerumani kuchoma mashamba na maghala, huanzia 75,000 na kufika 300,000. Vifo hivyo vikifungwa kwenye udhaifu wa moyo wa mtu mmoja, pamba ya kulazimishwa, kiboko na bunduki ya mfululizo hubaki nje ya tanzia kama mapambo ya jukwaa. Hilo ndilo alilotaka hasa afisa wa Kijerumani katika onyesho la mwisho, anapomshurutisha mfungwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo.

Kinjeketile anakataa. Anajua kwamba maji hayakuzuia risasi, na anajua pia kwamba akisema hivyo watoto wa kesho wataambiwa kwamba wazee wao walipigana bure. Amekosa, kwa maana ileile ya mwindaji: alitupa neno, likafika mahali asipopakusudia. Shabaha yenyewe, yaani umoja dhidi ya udhalimu, hakuikana hata alipopigwa.