Ushikamanishaji wa mwamba: nguvu isiyoziba njia

Mchanga mkavu hausimamishi ukuta. Ukitiwa maji kiasi, punje zake hukamatana na umbo lolote ulilolifinyanga likakaa. Ukijazwa maji pomoni, lote humomonyoka. Maji machache hukaa pale tu punje mbili zinapogusana, na uso wake uliojipinda huzivuta punje hizo pamoja. Yakijaa kila nafasi, uso huo hutoweka na mvuto wake nao. Miamba mingi inayobeba mafuta na gesi haina nguvu iliyozidi sana ile ya mchanga uliotiwa maji kiasi. Ni mchanga uliozikwa ardhini lakini haujapata joto, uzito wala miaka ya kutosha kuwa jiwe kamili, na kinachouzuia usimwagike ni madini kidogo kwenye migusano ya punje pamoja na maji haba yaliyobaki hapo tangu zamani. Ndiyo maana visima vingi vilivyotoa mafuta safi kwa muda mrefu huanza kutapika mchanga mara maji yanapovifikia. Upo ufundi wa kuitia miamba ya namna hii dawa ya kikemia ili isimame, na hoja ya makala hii ni kwamba kwa Kiswahili uitwe ushikamanishaji wa mwamba, wala si uimarishaji au ugandishaji.

Kabla ya kuchoronga, mwamba hubeba uzito wa tabaka zilizo juu yake kwa utulivu, kila sehemu ikisaidiwa na jirani yake. Shimo likishapita, sehemu iliyoondolewa haibebi tena kitu, na mzigo wake huhamia kwenye kuta za shimo. Wachorongaji hulijaza shimo matope mazito ili yazisukume kuta kutoka ndani. Yakiwa mepesi mno, kuta hukatika na kuanguka. Yakiwa mazito mno, mwamba hupasuka na matope hupotelea humo. Katika mwamba dhaifu nafasi kati ya mipaka hiyo miwili ni nyembamba. Kisima kikianza kuzalisha, taabu hubadilika sura: matope hayapo tena, mgandamizo ndani ya kisima umeshushwa ili mafuta yaje, na mafuta yenyewe yanapokimbilia kisimani huzikokota punje. Mchanga huo hula vali na viungo vya mabomba, hujaa chini ya kisima, hukwamisha pampu. Katika bonde la Ziwa Albert nchini Uganda, ambako mafuta yenye tija ya kibiashara yalithibitishwa mwaka 2006 na ambako mradi wa Tilenga umepangiwa visima zaidi ya 400, sehemu kubwa ya mafuta imo katika mchanga wa kina kifupi usioshikana vizuri. Bomba la kilomita 1,443 la kwenda Chongoleani, Tanga, linaanzia kwenye miamba ya aina hiyo, kwa hiyo istilahi tunayoijadili ina kazi ya kufanya hapa kwetu.

Kinga inayotumika zaidi ni ya vifaa: chujio la chuma chini ya kisima, mara nyingi likizungushiwa changarawe iliyopimwa ukubwa. Kinga ya kikemia huugusa mwamba wenyewe na kukiacha kisima wazi. Tangu miaka ya 1940 wahandisi wamekuwa wakisukuma resini ndani ya mchanga, na mpango wa kazi hiyo unastahili kutazamwa kwa karibu, maana jina linalofaa limo humo. Kwanza hupitishwa kimiminika cha kusafisha, ili mafuta yaliyozivaa punje yaondoke na resini ipate pa kunata. Kisha huingia resini yenyewe, ya epoksi, furani au fenoli. Halafu husukumwa kimiminika cha tatu, nacho ndicho roho ya kazi yote: huitoa resini iliyo katikati ya matundu na kuiacha ile tu iliyojibanza kwenye migusano, mahali palepale ambapo maji haba hukaa katika mchanga mbichi. Ikishakuwa ngumu, punje zimeungana na njia za mafuta zimebaki. Hatua ya tatu ikikosewa, mwamba unakuwa mgumu kama sakafu na kisima kinakufa. Nguvu imepatikana, lakini hakipiti kitu.

Sasa tazama majina yanayoshindana. “Kuimarisha” ni neno zuri lakini halisemi jinsi. Bomba la chuma huimarisha kisima, saruji inayomiminwa nyuma ya bomba huimarisha kisima, na matope mazito huimarisha kuta kwa muda. Msomaji wa ripoti hawezi kujua ni lipi limefanyika. “Kugandisha” kunapotosha zaidi, kwa kuwa kitu kilichoganda, kiwe maji au damu, hakipitishi. Jina hilo lingefaa kazi ya Hugo Joosten, mhandisi aliyebuni katika miaka ya 1920 njia ya kuingiza silikati ya sodiamu kisha kloridi ya kalsiamu katika mchanga wa ujenzi, vikakutana na kufanya uteute unaogeuka mgumu na kujaa matundu. Kwa mjenzi wa njia za chini ya ardhi hiyo ni neema, kwa sababu anataka maji yasiingie. Kwa mwenye kisima ni hasara tupu. Wapo pia wanaopendekeza “ukandamizaji”, wakifuata neno la Kiingereza “consolidation”, ambalo wahandisi wa udongo hulitumia kwa tope linalobanwa na mzigo mpaka linakamuliwa maji. Huko punje husogezwa karibu zaidi. Kwenye kisima hazisogezwi hata kidogo, zinaunganishwa hapo zilipo. Lugha iliyozaa neno hilo imeshazoea kulibebesha maana mbili. Sisi hatuna sababu ya kuurithi mgongano huo.

“Kushikamanisha” ni kuvifanya vitu vishikane vyenyewe kwa vyenyewe, navyo vikabaki vitu vingi. Neno hili lina ndugu wanaohitajika katika fani hiihii. Mwaka 1773 Charles-Augustin de Coulomb aliwasilisha kwa Chuo cha Sayansi cha Paris maelezo ya jinsi udongo na mawe vinavyokataa kukatika, akiugawa ukinzani huo mafungu mawili: nguvu ya kushikana, iliyopo hata pasipo mzigo, na msuguano, unaokua kadiri mzigo unavyoongezeka. Wahandisi wa visima bado wanapiga hesabu za kuta kwa mgawanyo huo. La kwanza kwa Kiswahili ni mshikamano, la pili ni msuguano. Resini huongeza hasa lile la kwanza, kwa hiyo ushikamanishaji ni kuuongeza mshikamano, na mwanafunzi anayejifunza neno moja amepata na kipimo chake. Sioni jina jingine linaloipa fani hii faida hiyo.

Mtu anaweza kusema kwamba mfano wa resini umechaguliwa ili kulibeba jina, na kwamba kemia nyingine zitalikataa. Chukua chaki basi, ambayo si mchanga kabisa. Katika uwanja wa Ekofisk wa Norway, uliogunduliwa mwaka 1969, mafuta yamo katika chaki laini yenye matundu yanayofikia zaidi ya asilimia 40 ya ujazo wake. Mafuta yalipotoka, chaki ilisinyaa. Mwaka 1984 ilibainika kwamba sakafu ya bahari imezama, na mwaka 1987 majukwaa yakainuliwa kwa mita 6. Maji yaliyoingizwa kurudisha mgandamizo nayo yaliidhoofisha chaki, na kuzama kukaendelea. Kwa miamba ya chokaa kama hiyo watafiti wamejaribu maabarani dawa iliyotoka kwa watunza marumaru na mawe ya majengo ya kale: fosfeti ya diamonia, ileile ambayo wakulima wa mahindi wa Kenya na Tanzania huiita DAP na kuitia shimoni siku ya kupanda. Ikiyeyushwa katika maji na kukutana na chokaa, huzalisha hidroksiapatiti, madini yaleyale ya meno na mifupa, yakaota juu ya punje na kuzifunga. Mmumunyo wake ni mwepesi kama maji, hivyo hupenya pale resini nzito inapokwama. Kemia ni nyingine kabisa, lakini sharti halikubadilika: punje zishikane, matundu yabaki. Jina linatosha pande zote mbili.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba “mshikamano” limeshachukuliwa na siasa na vyama vya wafanyakazi. Ni kweli, lakini msomaji wa ripoti ya kisima hatadhani punje zimefanya mgomo. “Mtandao” ulikuwa wa wavu kabla haujawa wa simu, na hakuna aliyepotea. Wengine watauliza kama inafaa kuhangaikia jina la ufundi usiotumika kila mahali. Mipaka yake ni ya kweli: resini hukimbilia tabaka inayopenyeka zaidi na kuiruka ile iliyo ngumu kuingilika, udongo wa mfinyanzi huiharibia kunata, na kwa hiyo hutumika zaidi kwenye vipande vifupi vya mita chache. Kwa tabaka ndefu chujio la chuma bado ni chaguo la busara. Lakini katika kisima cha zamani kisicho na nafasi ya chujio jipya, dawa huenda ndiyo njia pekee iliyobaki, na anayeidhinisha gharama anatakiwa aelewe anacholipia. Ripoti inayosema mwamba umeshikamanishwa inapaswa kumwonyesha namba mbili za sampuli ileile, kabla na baada: uwezo wa kuhimili mbano, kwa megapaskali, na upenyezaji, kwa milidasi. Ya kwanza ikipanda huku ya pili ikiporomoka, ripoti iandike kwamba mwamba umezibwa, na mkandarasi aulizwe kuhusu kimiminika chake cha tatu.