KABLA TAI CHI HAIJAFIKA KWENYE SIMU YAKO, BIBI ZETU WA MARA WALISHATEMBEA HIVI

Leo tunaweka pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani. Leo ni historia, ila usikimbie, maana inaanzia hukohuko TikTok unakoshinda.

Kama una bando, lazima umekutana na zile klipu za watu wanaotembea taratibu kama kinyonga anavuka barabara. Inaitwa kutembea kwa tai chi. Mikono laini, magoti yamekunjwa kidogo, kila hatua kama anaogopa kuamsha mtoto. Kuna mdada mmoja maarufu, jina nalihifadhi, anaapa kwamba ukifanya dakika 7 kwa siku kitambi kinaaga chenyewe. Hilo tutalirudia baadaye, usinisahaulishe.

Mimi nilianza kuzifuatilia kwa sababu nyingine. Bibi yangu alianguka.

Tupo Bunda, na bibi anakaa upande wa kuelekea mlima Balili. Aliteleza uani asubuhi, akakaa chini, basi. Hakuvunjika popote. Lakini tangu siku ile akawa anatembea ameshika ukuta. Kanisani haendi. Gulioni haendi. Mtu ambaye mimi nimekua nikimwona anatoka kisimani na ndoo kichwani, mkono mmoja hajaigusa, huku anagombana na jirani njia nzima, leo anaogopa kwenda chooni peke yake. Nilikuja kuelewa kwamba mfupa ulikuwa mzima, kilichovunjika ni ile kujiamini. Na mzee akiacha kutembea, wote tunajua mwisho wake. Miguu inalegea, na akianguka mara ya pili hasimami.

Basi nikakaa na simu usiku mzima najifunza. Asubuhi nikaenda, shikamoo bibi, marahaba mume wangu, nikasogeza vigoda uani nikaanza kumwonesha. Nimenyanyua mguu, nimeuweka kisigino kwanza, nimehamisha uzito polepole. Bibi kaniangalia weee, kisha akacheka mpaka akafuta machozi na kanga.

Akasema, "Mume wangu, huko si ni kutembea na mtungi? Wewe umeondoa mtungi tu."

Hiyo sentensi ndiyo iliyonifanya nisilale siku mbili. Nikaanza kuchimba. Haya ndiyo niliyoyakuta.

WACHINA WALIANZA WAPI

Tai chi kwa kwao inaitwa taijiquan na ni mchezo wa kupigana, usione ule ulaini wake. Kijiji kinachotajwa sana ni Chenjiagou, jimbo la Henan, karne ya 17, na mzee anayepewa heshima ya kuianzisha ni Chen Wangting. Karne ya 19 akatokea Yang Luchan, akajifunza kwa ukoo wa Chen, akaipeleka Beijing. Mwaka 1956 kamati ya michezo ya serikali ya China ikaifupisha ikawa mitindo 24 ili mfanyakazi yeyote aweze kuifanya bustanini kabla ya kazi. Mwaka 2020 UNESCO wakaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Cha ajabu, Wachina na sisi ni watu wa siku nyingi. Madaktari wao walifika Zanzibar 1964 na Bara 1968. Reli ya TAZARA walikuja kuijenga 1970 mpaka 1975. Lakini mimi kijana wa Bunda hatua yao nimekuja kuiona kwenye kioo cha simu.

Sasa hatua yenyewe. Walimu wao wanaiita hatua ya paka. Kanuni ni chache. Kwanza, utosi unauweka kama umefungwa uzi unaokuvuta juu, kidevu kinarudi ndani kidogo, mgongo unanyooka bila kukakamaa. Pili, magoti yanalegea na kiuno kinashuka. Tatu, na hapa ndipo kwenye siri, mguu wa mbele unafika chini ukiwa mtupu. Kisigino kinagusa, lakini uzito wote bado uko nyuma. Ukitaka unaweza kuurudisha mguu bila kuyumba. Ukishahakikisha ardhi ni salama ndipo unamimina uzito mbele, kama unavyomimina maji toka ndoo moja kwenda nyingine.

Sisi wengine tunatembeaje? Tunaanguka mbele halafu mguu unakuja kutudaka. Kama mguu umekuta ganda la ndizi, imekula kwako.

BIBI NA MTUNGI

Nikamrudia bibi nikamuuliza alifundishwaje. Akasema hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Akiwa mtoto alipewa kibuyu kidogo na ngata ya majani, akaenda nyuma ya wakubwa. Ukimwaga, unarudi. Kisima kilikuwa mbali, kwa hiyo kurudi ni adhabu tosha.

Lakini nilipombana zaidi akaanza kutoa mambo. "Macho mbele, usiangalie miguu, miguu inajua. Shingo ndefu. Kiuno ndicho kinachocheza, kichwa kinakaa kimya. Njia ikiwa na matope, unapapasa kwanza na mguu, ndipo unapanda."

Wadau, hebu rudini juu msome tena kanuni za Wachina. Uzi wa kuvuta utosi na mtungi wa kuukandamiza vinaleta shingo ileile.

WANAWAKE WALIOINGIA KWENYE VITABU BILA MAJINA

Mwaka 1986 jarida kubwa la sayansi, Nature, lilitoa utafiti uliofanyika kwa majirani zetu Kenya. Kati ya watafiti alikuwemo profesa Mkenya, Geoffrey Maloiy, na Mmarekani Richard Taylor wa Harvard. Walichukua akina mama wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Wakawatembeza kwenye mashine kama ile ya jim, huku wanapima hewa ya oksijeni wanayotumia.

Matokeo yaliwashangaza. Akina mama wale walibeba mzigo mpaka asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada hata kidogo. Yaani mama wa kilo 60 anabeba kilo 12 na mwili wake unahesabu kama habebi kitu. Kuanzia hapo kwenda juu ndipo gharama inaanza kupanda. Ile ndoo yetu ya lita 20, kilo 20, ni theluthi ya uzito wake, kwa hiyo hapo analipa. Usije ukasema nimesema ni bure.

Mwaka 1995 baadhi yao, akiwemo Mwitaliano Giovanni Cavagna, wakatoa jibu la kwa nini. Unapotembea mwili wako ni kama bembea iliyogeuzwa juu chini. Unapanda juu ya mguu, unashuka upande wa pili, na ile nguvu ya kushuka inakusaidia kupanda hatua inayofuata. Ila kila hatua kuna kiasi kinapotea na misuli inalazimika kukilipa. Wale akina mama wakibeba mzigo, bembea yao inapoteza kidogo zaidi kuliko ya mtu mwingine. Wanatumia vizuri zaidi kile ambacho sisi tunakimwaga.

Jaluo hawako Kenya tu, wamejaa hapa mkoani kwetu, Rorya. Kwa hiyo hii ni story ya nyumbani. Maprofesa tunawajua kwa majina, lakini wale akina mama wenyewe kwenye historia ni "wanawake wa Kiafrika" tu. Elimu ilikuwa yao, miguu yao, shingo zao.

Na niwe mkweli. Utafiti mwingine uliofanywa Afrika Kusini kwa wanawake wa Kixhosa, ukatoka 2010, haukukuta hiyo nafuu kwa wote. Wapo waliokuwa wepesi, wapo waliochoka kama mtu yeyote. Tena maumivu ya shingo ni kitu cha kweli. Bibi yangu mwenyewe shingo inamuuma mpaka leo. Nilipomwambia wazungu waliandika kwamba kubeba kichwani hakuna gharama, alinijibu kwa mkato, "Waje waulize shingo."

VUMBI LA 1967

Kuna matembezi mengine yaliyopita barabara yetu. Februari 5, 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Vijana nchi nzima wakaanza kutembea kwa miguu kuliunga mkono. Mmoja wao, Seti Benjamin, alifia njiani akielekea Dar es Salaam, na jina lake linakumbukwa. Oktoba mwaka uleule Mwalimu Nyerere, akiwa na miaka 45, akatoka Butiama kwa miguu kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU Mwanza. Ni zaidi ya kilomita 200. Leo unapanda basi hapa stendi Bunda, unapita Lamadi, unapita Magu, na bado unalalamika kiti kibovu.

Bibi alikuwa binti mdogo. Nikamuuliza, ulimwona Mwalimu? Akasema, "Niliona vumbi na watu wengi. Sisi tulikuwa tunapeleka maji."

Hapo nikanyamaza. Picha tunazozijua ni za kiongozi na fimbo yake. Kumbe pembeni kulikuwa na mabinti na mitungi, nao wanatembea, tena wamebeba. Hao hawakuandikwa popote, mpaka leo hii nawaandika mimi niliyeishia kidato cha nne.

Na ukitaka kwenda mbali zaidi, nenda Laetoli, Ngorongoro. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo kwenye majivu ya volkano zenye miaka kama milioni 3.6. Kisigino kimezama kwanza, kisha uzito ukasogea mpaka kwenye kidole gumba. Jamaa zetu wa kale kabisa, hawana majina, na wanakanyaga karibu kama mimi na wewe. Kwa hiyo mtu asikuambie kutembea kumevumbuliwa na mtu wa mtandaoni.

JE, NI KITU KIMOJA?

Hapa nataka nieleweke, maana kwenye komenti huwa mnanishukia. Tai chi na mtungi si kitu kimoja. Mtungi unataka kubana matumizi, kwa hiyo mama anatembea kwa mwendo mzuri wa bembea ili afike bila kuchoka. Tai chi inafanya kinyume. Ule upole unaua bembea makusudi, mapaja ndiyo yanafanya kazi yote, na hiyo ndiyo faida yake, maana inajenga miguu na balansi. Madaktari wameipima kwa wazee na wameona inapunguza kuanguka. Mwaka 2012 utafiti wa Marekani ulionesha inasaidia balansi hata kwa wagonjwa wa Parkinson. Vinapokutana ni viwili tu, shingo ndefu, na mguu usiopewa uzito kabla ya kuhakikisha.

Na yule mdada wa kitambi? Kutembea haraka kunachoma zaidi kuliko kutembea kama kinyonga. Samahani dada, sikukutaja.

Ukitaka kujaribu nyumbani, fanya hivi. Simama karibu na ukuta au meza, peku au viatu vya bapa. Legeza magoti kidogo tu, goti lisipite vidole wala lisiingie ndani. Peleka uzito wote mguu wa kulia, subiri mpaka wa kushoto uwe mwepesi kabisa. Uweke mbele, kisigino, kwa upana wa nyonga, usiuweke kwenye mstari mmoja kama mwanamitindo. Ndipo umimine uzito. Pumua kawaida. Hatua 10 kwenda, 10 kurudi. Goti likiuma, panda juu kidogo au acha. Kama ni mzee, simama pembeni yake, usimwachie, na kama ana kizunguzungu apite kwanza hospitali.

Kwa bibi tulifanya hivyo, ila tukaongeza chetu. Nilimkunjia kanga ngata, nikaweka juu yake kikombe cha plastiki kitupu. Siku ya kwanza alishika ukuta. Wiki ya pili alishika bega langu. Siku moja naongea na simu, nageuka, namkuta katikati ya uani peke yake, kikombe kichwani, macho mbele, anamgombeza kuku. Sikusema kitu. Niliogopa nikisema atakumbuka kuogopa.

Jumapili iliyopita alienda kanisani. Polepole, na fimbo, lakini kwa miguu yake.

Niliomba ruhusa niweke jina lake hapa, aingie kwenye historia kama wengine. Akakataa. Kasema wale aliokuwa nao kwenye ile njia ya maji wengi wameshazikwa bila kuandikwa, yeye atajiandikaje peke yake? Nikamwelewa. Kwa hiyo tumeacha hivyo.

Wewe bibi yako alikuwa anabeba nini kichwani, na alikufundisha nini kuhusu kutembea? Tiririka kwenye komenti hapo chini. Na leo ukirudi nyumbani usimpite tu mzee na shikamoo ya mbio. Mwambie asimame, tembea naye uani hatua 10.