Mzazi wa Kahura na Kifungua Mimba Wake, Mwaka 1879

Katika lugha ya Kiswahili mwanamke aliyezaa husemwa kwamba amejifungua, na mtoto wake wa kwanza huitwa kifungua mimba. Maneno haya mawili yametoka katika kitenzi kimoja, nacho ni kufungua. Yaonekana kwamba wazee walioyatunga waliiona mimba kuwa kama kifungo, na yule mtoto wa kwanza kuwa ndiye afunguaye njia kwa ndugu zake watakaomfuata. Tena lugha haikusema amefunguliwa, bali amejifungua. Maana kazi ile ni ya mwanamke mwenyewe, hata wakunga wakimzunguka kwa wingi. Lakini wamekuwako siku zote wanawake ambao hawakuweza kujifungua, ikawa hapana budi wafunguliwe kwa mkono wa mtu mwingine. Nataka kueleza hapa habari za mmoja wao, aliyezaa mara ya kwanza mwaka 1879 mahali palipoitwa Kahura, katika nchi za Uganda, ambapo wataalamu wa baadaye wamepahesabu kuwa pa Bunyoro.

Aliyetuandikia habari hizi ni Robert Felkin, Mwingereza, mmoja wa wajumbe wa Church Missionary Society waliofika Uganda mwaka ule kwa njia ya mto Nili. Alikuwa amesoma uganga Edinburgh, ila hakuwa amemaliza masomo yake. Aliporudi kwao aliyamaliza, na mwanzoni mwa mwaka 1884 akasoma habari zake mbele ya chama cha waganga wa mambo ya uzazi mjini Edinburgh, nazo zikachapwa mwaka ule ule. Alieleza desturi nyingi za uzazi alizoziona au kuzisikia safarini. Katikati ya hizo zote mna habari moja iliyowashangaza wasomaji tangu siku ile hata leo.

Felkin asema alimkuta mwanamke amelazwa juu ya kitanda kilichoinamishwa, kichwa chake kikiegemea ukuta wa nyumba. Alikuwa mwenye afya njema, umri wake yapata miaka 20, na mimba ile ilikuwa ya kwanza. Alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi nyingi hata akawa nusu amelewa. Ukanda wa nguo ya gome la mti ulimfunga kifua pamoja na kitanda. Ukanda wa pili ulimfunga mapaja. Mtu mmoja alimshika vifundo vya miguu, na mwingine, upande wa kuume, alilishika tumbo lisitikisike. Mganga alisimama upande wa kushoto, kisu mkononi, akinong'ona maneno yake. Kisha akanawa mikono, akamwosha mwanamke tumbo, kwanza kwa pombe ya ndizi, halafu kwa maji. Alipokwisha, akapaza sauti kali, na watu waliokusanyika nje wakaitikia. Mara akapasua tumbo katikati, tangu juu kidogo ya kinena hata chini kidogo ya kitovu.

Maji ya chupa yakatoka. Msaidizi akaigusa mishipa iliyotoka damu kwa chuma chekundu cha moto. Mganga akamaliza kuupasua mji wa mimba, mtoto akatolewa upesi, kitovu kikakatwa, akapewa msaidizi mwingine. Hapo mganga akakitupa kisu, akaushika mji wa mimba kwa mikono miwili na kuukamua. Akaingiza mkono ndani, akaupanua mlango wake kwa vidole toka ndani, akatoa kondo ya nyuma na damu iliyoganda. Akaendelea kuubana mpaka ukakazana wenyewe. Hakuushona. Wakafunika jeraha kwa mkeka wa majani, wakafungua kanda, wakamgeuza mwanamke mikononi mwa wasaidizi wawili ili maji na damu vilivyobaki tumboni vimwagike chini. Kisha wakamlaza tena, wakaziunganisha kando mbili za jeraha kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyosuguliwa vizuri, wakaifunga kwa nyuzi za gome la mti. Juu yake wakapaka rojo ya mizizi ya namna mbili iliyotafunwa, wakaweka jani la mgomba lililopashwa moto, wakalikaza yote kwa nguo ya gome.

Mwanamke hakulia wakati wote huu, hata misumari ilipoanza kutiwa. Baada ya saa moja alionekana ametulia. Baada ya saa mbili mtoto akawekwa kifuani. Lakini maziwa ya mama yalikuwa haba kwa muda wa siku kumi, na mtoto akanyonyeshwa zaidi na rafiki yake. Usiku wa pili joto la mwili lilipanda hata digrii 101 kwa kipimo cha Fahrenheit, yaani kama 38.3 za Selsiasi. Nyakati nyingine halikuzidi sana kadiri ya kawaida. Siku ya tatu msumari mmoja ulitolewa, siku ya tano mitatu, siku ya sita iliyosalia. Mtoto naye alikuwa amekatwa kidogo begani. Akapakwa dawa ile ile, akapona kwa siku nne. Siku ya kumi na moja jeraha la mama lilikuwa limefunga kabisa. Wote wawili walikuwa hai.

Ili tuone uzito wa neno hili, yatupasa kukumbuka hali ya Ulaya siku zile. Mjini Vienna mwaka 1847 Ignaz Semmelweis alikuwa ameonyesha kwamba waganga wakinawa mikono kwa maji ya klorini, vifo vya wazazi hupungua sana. Lakini wengi wa wenzake walimkataa. Mwaka ule ule James Young Simpson alianza kutumia klorofomu kutuliza utungu wa wanawake mjini Edinburgh, mji ule ule ambao Felkin alikuja kusomea. Joseph Lister alitangaza mwaka 1867 njia yake ya kuzuia jeraha lisioze. Hata hivyo, mwanamke wa Ulaya aliyepasuliwa ili mtoto atolewe mara nyingi alikufa, kwa damu au kwa usaha. Mwaka 1876 Eduardo Porro huko Pavia alimponya mmoja kwa kuukata na kuuondoa mji wa mimba, hata asiweze kuzaa tena. Mwaka 1882 Max Sänger wa Leipzig alifundisha kuushona mji wa mimba kwa uangalifu, na tangu hapo njia ikafunguka. Basi katika mwaka 1879, miaka mitatu kabla ya Sänger, mganga wa Kahura alifanya kazi ambayo waganga wakubwa wa Ulaya waliiogopa, na mama na mtoto wakapona.

Je, habari hizi ni za kusadikiwa? Swali hili ni la haki, wala mwalimu asilikwepe. Shahidi ni mmoja tu. Alikuwa mwanafunzi wa uganga, si mganga kamili. Aliyasoma maneno yake mbele ya chama karibu miaka mitano baada ya kuyaona. Lakini zitazameni habari zenyewe. Misumari ile saba haikufuliwa siku ile kwa haraka. Ilikuwa myembamba na ya kung'aa, imewekwa tayari. Chuma kilikuwa motoni. Kila msaidizi alijua mahali pake na kazi yake. Mizizi ilijulikana, na siku za kutoa misumari zilijulikana. Mambo haya hayatungwi kwa siku moja. Ni kazi iliyokwisha fanywa mara nyingi na kufundishwa. Felkin mwenyewe alisema kwamba nchi ile ndiyo pekee aliyoijua katika Afrika ya kati ambako watu hupasua tumbo kwa matumaini ya kuwaokoa wote wawili, na kwamba wafanyao kazi hiyo ni wanaume. Mwaka 1959 J. N. P. Davies, mtaalamu wa magonjwa aliyefundisha Makerere, alizichunguza tena habari za uganga wa Bunyoro, akaona kwamba zastahili kupewa heshima ya elimu. Lakini tusizidishe. Pombe ya ndizi si kali kama dawa za Lister, wala hatuna haki ya kusema kwamba mganga yule alijua habari za vijidudu. Tuseme tu kwamba alinawa, na kwamba wengi wa Ulaya waliotajwa kuwa wataalamu walichelewa kunawa.

Mtu aweza kuuliza: elimu ile ilikwenda wapi? Nchi ya Bunyoro ilipigwa vita na Waingereza tangu mwaka 1893, na mfalme wake Kabalega alikamatwa mwaka 1899, akahamishiwa visiwa vya Shelisheli. Miaka ile njaa na magonjwa vilifuata vita, na watu walipungua sana. Katika nchi iliyotawanyika hivyo, elimu ikaayo katika mikono ya wachache, isiyoandikwa, hupotea kwa urahisi.

Lakini upotevu nitakao kuutaja zaidi si huo. Rudini katika habari za Felkin mkamtafute yule mwanamke. Tunajua misumari ilikuwa saba. Hatujui jina lake. Tunajua joto la mwili wake usiku wa pili. Katika maelezo ya upasuaji hatusomi utungu ulimshika siku ngapi kabla ya kisu, wala nani aliamua kwamba mganga aitwe, wala kama mama yake mzazi alikuwako. Tunajua kwamba hakulia. Hatujui kama alinyamaza kwa pombe, au kwa ushujaa, au kwa sababu mwanamwali wa kwao alifundishwa asilie. Rafiki yule aliyemnyonyesha mtoto siku kumi ametajwa kwa neno moja tu, naye pengine ndiye aliyemwokoa mtoto mara ya pili. Mtazamaji aliuangalia mkono wa mganga, kwa kuwa ndio aliokuwa amejifunza kuuangalia.

Mfano mmoja wa kinyume utatusaidia. Mwaka 1817 Charlotte, mjukuu wa mfalme George wa tatu wa Uingereza, alishikwa na utungu yapata saa 50. Tarehe 5 Novemba alizaa mtoto mwanamume aliyekufa, na baada ya saa chache yeye mwenyewe akafa, umri wake miaka 21. Nchi nzima iliomboleza. Saa za utungu wake zimehesabiwa. Jina lake lipo katika kila kitabu cha historia ya nchi ile. Na mganga wake, Richard Croft, alijiua mwaka uliofuata. Huyu aliyekufa twamjua kwa jina, kwa baba na kwa babu. Yule aliyepona hatumjui. Wote wawili walikuwa wanawake vijana, na wote wawili walikuwa wakimngojea mtoto wa kwanza kumpakata. Utungu haukuwabagua, kalamu ndiyo iliyowabagua.

Wazee husema: Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Maneno haya twayatumia mara nyingi kusifu upendo wa mama, nayo yafaa hivyo. Lakini yana onyo pia kwa sisi tuandikao desturi. Kama aujuaye ni mzazi, basi atakaye kuujua hana budi amwulize mzazi, si mganga peke yake, wala si mume aliyeketi nje barazani. Katika Kiswahili neno mzazi lina maana mbili: baba au mama yeyote mwenye mtoto, na mwanamke ambaye ametoka kuzaa sasa hivi. Maana hii ya pili yaonyesha kwamba watu walimhesabu kuwa na cheo chake siku zile, hata arobaini ikaisha. Lugha ilimpa jina. Waandishi hawakumpa nafasi.

Najua kwamba mwalimu mwanamume hawezi kuingia mahali pa wanawake na kuuliza mambo ya kunga. Wala haifai. Lakini mke wa mwalimu aweza, na muuguzi aweza, na mkunga mwenyewe, aliyejifunza kusoma na kuandika, aweza kuliko wote. Waulize kwa heshima, na baada ya mzazi kupumzika: Uliogopa nini? Nani aliyekushika mkono? Uliambiwa maneno gani, na wewe ulijibu nini? Majibu na yaandikwe kwa maneno yale yale yaliyosemwa, katika lugha ya kwao, bila kuyapamba. Hata mzazi akisema asitajwe jina, asitajwe. Maana kumficha mtu kwa ridhaa yake ni adabu, na kumsahau ni jambo jingine.

Mwanamke wa Kahura alifungwa kwa kanda mbili, akafunguliwa kwa kisu, akafungwa tena kwa misumari saba, na siku ya kumi na moja alikuwa mzima, mtoto wake yu hai. Kwa kuwa alikuwa kijana, yawezekana kabisa kwamba aliishi miaka mingi baada ya hapo, akawasimulia wengine yaliyompata. Hakuna aliyeyaandika masimulizi yake.