Bruda Colm wa Iten, Mwalimu wa Jiografia na wa Mbio

Barazani Ngamiani mwaka 1988 hautajwi ila kwa jambo moja, nalo ni ubingwa wa kandanda wa Tanzania ambao Coastal Union iliuleta Tanga. Lakini mwaka ule ule, tarehe 1 Oktoba, kijana wa Kikenya mwenye umri wa miaka 21, ambaye mabingwa wa Ulaya hawakuwa wamemtia hesabuni, aliwatangulia wote katika mbio za mita 1,500 za Olimpiki huko Seoul, kwa muda wa dakika 3 na sekunde 35.96. Jina lake Peter Rono. Skuli aliyotoka ni St Patrick's ya Iten, na mtu aliyemlea katika ufundi huo ni mtawa wa Kikatoliki kutoka Ayalandi ambaye mwenyewe hakupata kuwa mkimbiaji maisha yake yote.

Colm O'Connell alizaliwa mwaka 1948 katika jimbo la Cork, akaingia shirika la mabruda wa Mtakatifu Patrick, na mwaka 1976 akapelekwa Kenya kusomesha jiografia, azma yake ikiwa kukaa muda si mrefu kisha arejee kwao. Iten siku hizo ilikuwa mahali padogo ukingoni mwa Bonde la Kerio, kimo cha mita 2,400 hivi juu ya bahari, ambacho kinaipita Lushoto yetu kwa takriban mita elfu moja, na mtu wa pwani akifika huko hutweta kwa kupanda ngazi tu, sembuse kukimbia. Mwaka huo nao ulikuwa mwaka wa huzuni kwa wanariadha wa Afrika. Mataifa yetu, Tanzania ikiwa mbele, yaliisusia michezo ya Montreal kwa sababu ya timu ya raga ya New Zealand iliyokwenda kucheza kwa makaburu wa Afrika Kusini. Na Filbert Bayi, ambaye tangu mwaka 1974 alikuwa ameishika rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 alizokimbia Christchurch, hakuipata fursa ambayo kila mtu aliitazamia kwake.

Hapo skulini bruda alimkuta Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyepata nishani ya shaba ya mita 10,000 katika michezo hiyo hiyo ya Montreal. Foster ndiye aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi riadha. Naye alipoondoka, baada ya kitambo kidogo tu, kazi ikamwangukia mtu asiyekuwa na cheti wala maarifa yake. Hakuwa na ustadi wa kujivunia, kwa hiyo aliwatazama vijana. Aliangalia mguu unavyokanyaga, bega linavyokaa, mkono unavyopita ubavuni, akawauliza wenyewe walivyojisikia, na kwa miaka mingi ya kutazama hivyo akaja kujua mambo ambayo waandishi wa vitabu vya riadha wangeweza kumwendea kuyauliza. Hata alipokuwa mashuhuri hakuacha kuanza na mambo madogo: kukimbia polepole, kuunyoosha mwili, kuzoeza hatua, kupumzika. Kijana mwenye kipaji hakumharakisha, maana aghalabu kijana anayekamuliwa akiwa na miaka kumi na sita huwa amekwisha kabla ya kufika ishirini na miwili.

Mimi naona kwamba siri yake kubwa, kama ni siri, ilikuwa ni kubaki. Sisi tuliozoea kuona makocha wa vilabu vyetu wakiletwa kwa vigelegele na kufukuzwa kabla msimu haujatimia nusu, tunaweza kustaajabu kumwona mtu aliyekaa katika mji mmoja zaidi ya miaka arobaini, akapanda cheo hadi kuwa mkuu wa skuli, akakiacha cheo, na bado asubuhi akawa njiani na vijana wake.

Miongoni mwa waliosoma St Patrick's ni Ibrahim Hussein, Mwislamu wa Kinandi katika skuli ya mabruda, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuzishinda mbio za marathoni za New York, mwaka 1987, na za Boston, mwaka 1988. Ushindi huo wa Boston Mtanzania hawezi kuusoma bila kuumwa kidogo, kwani aliyemfuata Hussein kwa sekunde moja tu, saa 2 dakika 8 na sekunde 44 kwa 43, alikuwa Juma Ikangaa wetu, ambaye alikuwa wa pili tena Boston mwaka 1989 na 1990, ingawa New York mwaka 1989 ilimpa haki yake. Akaja Matthew Birir, aliyeshinda mbio za kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992, Wakenya wenziwe wawili wakimfuata. Akaja pia Wilson Kipketer, aliyehamia Denmark na mwaka 1997 akaivunja rekodi ya mita 800 ambayo Sebastian Coe alikuwa ameishika tangu 1981. Kwa kila aliyerudi na nishani kubwa, skuli ilipanda mti katika uwanja wake na kuuandika jina lake.

Mabinti walikuwa hawana nafasi katika skuli ya wavulana, na hapo bruda alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu linazidi yote hayo. Mwaka 1989 alianzisha kambi ya likizo ambayo wasichana nao walialikwa kufundishwa, katika zama ambazo wazazi wengi walimwona binti anayekimbia barabarani kuwa amepungukiwa na adabu. Katika kambi hizo alipita Edna Kiplagat, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013. Na Janeth Jepkosgei, aliyetwaa dhahabu ya mita 800 huko Osaka mwaka 2007, ni mwanafunzi wake.

Tanzania nayo ilikuwa na watu. Moscow, mwaka 1980, Bayi alipata fedha katika mbio za viunzi na maji, na Suleiman Nyambui fedha katika mita 5,000. Na hadi michezo ya Paris ya mwaka 2024 hatujapata nishani nyingine ya Olimpiki. Nyambui alikwenda kusoma na kukimbia El Paso, Marekani, maana vyuo vya huko vina makocha wanaozeeka na timu zao. Miguu tunayo, Mbulu na Singida hata leo. Skuli yenye mwalimu wa kuwangoja vijana ikue nao kwa miaka ishirini, hiyo ndiyo adimu.

Tukirudi Iten, mwanafunzi wa bruda mashuhuri kuliko wote alimjia baadaye: David Rudisha, Mmasai wa Kilgoris, mwana wa Daniel Rudisha aliyepata fedha ya kupokezana kijiti mita 400 kwa wanne huko Mexico mwaka 1968. Mwaka 2010, huko Berlin, aliivunja rekodi ya Kipketer kwa dakika 1 na sekunde 41.09, akaishusha tena Rieti wiki moja baadaye. Na tarehe 9 Agosti 2012 mjini London akaongoza tangu hatua za mwanzo mpaka utepe, bila kumwachia mtu mbele yake, kwa dakika 1 na sekunde 40.91, ambayo ni rekodi ya dunia hadi leo. Mwaka 2016, Rio, akaipata dhahabu ya pili, wakati mwalimu wake alipokuwa anatimiza miaka arobaini Iten.